Kutoka Kwamsisi Hadi Kwamsisi

Ukimsikia mtu wa Mkoa wa Tanga akisema anakwenda Kwamsisi, muulize kwanza: Kwamsisi ipi? Maana ziko mbili. Moja ni kata katika mji wa Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Nyingine ni kata ya Wilaya ya Handeni, nchi kavu ya mahindi, mihogo na mifugo. Watu wasiozijua wameshapanda basi lisilo lao kwa sababu ya jina hilo.

Sisi akina mama wanne tunaoleta simulizi hii ni wa Kwamsisi ya Korogwe. Wawili kati yetu ni wauguzi, mmoja ni mwalimu, na mmoja ana genge la mboga sokoni. Tunachoshirikiana ni kazi ya kujitolea kanisani: kuwatembelea wagonjwa, wajane na wazee. Kazi hiyo ndiyo iliyotupeleka Kwamsisi ya Handeni mwezi wa Juni 2019, tukarudi na mzigo ambao hatukuutarajia.

Safari yenyewe

Tuliondoka alfajiri. Masika yalikuwa yamekwisha na kipupwe kimeanza, kila mtu amejifunga kitenge cha pili mabegani. Kutoka Korogwe tulifuata barabara kuu hadi Segera, pale njia ya Tanga inapoachana na ya Dar es Salaam. Tukapita mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka kama iliyopigwa rula, kisha Kabuku na machungwa yake yaliyopangwa mafungu mafungu kando ya lami. Baadaye tukaiacha lami na kushika barabara ya vumbi, watatu nyuma ya gari la mizigo na mmoja mbele kwa dereva kwa sababu ya mgongo wake.

Majina ya vijiji vya huku Uzigua huanza sana na “Kwa”: Kwamatuku, Kwachaga, Kwamkono. Nchi ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Majani yaliyokuwa kijani mwezi wa Mei yalikuwa yanaelekea hudhurungi, mibuyu inapukutisha majani, na kando ya njia magunia ya mkaa yamesimama yakisubiri wanunuzi. Mama wa genge alisema, “Huku kila kitu kinajiandaa kulala.” Tulicheka tu, hatukujua kuwa tutalikumbuka neno hilo.

Tuliyekwenda kumwona ni bibi mmoja aliyekuwa mkunga wa jadi kwa miaka mingi. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa wauguzi waliotumwa zamani kuwafundisha wakunga wa jadi usafi wa kukata kitovu na kuzitambua dalili za hatari, na tangu hapo urafiki haukukatika. Hapa tutamwita Bibi Mkunga, kama kijiji kizima kinavyomwita.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja wangapi?”

Alikuwa ametuelekea, lakini hakutuona. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe katikati ya mboni, mtoto wa jicho aliyekomaa. Alitutambua mmoja mmoja kwa sauti.

Vyungu vilivyolala kifudifudi

Tulipokuwa tukisubiri chakula, tuliona chini ya upenu vyungu saba vya udongo vimelazwa ubavu, midomo ikitazama ukuta. Ndani mlikuwa na udongo mkavu na majani yaliyokufa. Mwalimu wetu, ambaye ni mwenye huruma na mwepesi wa mikono, alisema, “Maskini Bibi, macho yamemnyima hata kumwagilia maua.” Akachota kata ya maji mtungini.

Bibi Mkunga alisikia maji yakichotwa. “Nani huyo? Usinimwagie! Utaniulia!”

Mwalimu alibaki na kata mkononi. Bibi alikuja akipapasa ukuta, akaingiza vidole katika chungu kimoja na kufukua kidogo. Akashika mkono wa mwalimu, akauweka juu ya kitu kigumu kilichojificha chini, mfano wa kipande cha tangawizi nene. “Bonyeza. Ni kigumu au kilaini?” Kigumu. “Basi huyu hajafa, amelala. Ukimpa maji usingizini anaoza.”

Yale yalikuwa matunguu ya okidi. Jamii hiyo wataalamu huiita Eulophia, nayo ina aina kama 200, nyingi zikiwa za bara letu la Afrika. Wengi wetu tukisikia okidi tunafikiria lile ua la dukani linaloletwa kwa ndege, kumbe zimo katika mapori yetu. Nyingi za jamii hii huweka akiba ya maji na chakula katika matunguu ardhini au karibu na uso wa ardhi. Mvua zikiisha, zile zinazolala huacha majani yakauke, na uhai wote hurudi katika tunguu kungoja mvua nyingine. Ulaya okidi za namna hii hupumzishwa wakati wa baridi kali na theluji. Kwetu usingizi huo huja na ukame: hakuna theluji, lakini mvua zinakatika.

Bibi alituambia alivyozipata. Hakwenda kuzichimba porini kwa tamaa. Kila pori jirani lilipofyekwa kwa shamba au kwa mkaa, alikuwa akipita baada ya majembe na mashoka, akaokota matunguu yaliyopinduliwa na kuachwa juani. Kila chungu kilikuwa na mahali pake: hiki kilitoka kwenye mteremko fulani, hiki karibu na kisima cha zamani. “Huko zilikotoka hazipo tena,” alisema. “Zimebaki hizi.”

Alikuwa amepata nafasi ya upasuaji wa macho, na mwanawe wa Dar es Salaam angemchukua wiki ileile. Angekaa huko mpaka vuli. Wajukuu waliobaki nyumbani walikuwa wema mno, yaani wangemwagilia.

“Wanangu, nichukulieni hizi mnitunzie. Miaka mitatu sasa zinatoa maua nami naona kama wingu la manjano tu. Nikipona macho, nataka nizione.”

Baada ya kula bada na kisamvu tulipakia vyungu saba. Njia nzima tulivipakata kama watoto wachanga.

Makosa yetu

Akina mama wenzetu, tutasema ukweli. Kati ya saba, tuliua mawili.

La kwanza liliangamia kwa mfuko. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuwa imeanza tarehe 1 Juni mwaka huohuo, lakini ile ya zamani ilikuwa bado imejaa makabatini mwetu. Mmoja wetu alitoa matunguu chunguni, akayafunga vizuri katika mfuko ili yasipate vumbi, akayaweka juu ya kabati. Baada ya wiki tatu mfuko ulikuwa umetoa jasho ndani. Matunguu yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, laini kama ndizi iliyopondeka, na harufu yake hatuna haja ya kuieleza.

La pili liliuawa na huruma. Mmoja wetu, tena muuguzi, aliliona tunguu lake limekunjamana ngozi, akasema linaungua kiu. Akalipa nusu kikombe cha maji, kesho yake tena, na keshokutwa tena. Lilioza kuanzia chini.

Tulipokutana Jumamosi kuhesabu hasara, muuguzi huyo alilia. Sisi tumefundishwa kwamba mgonjwa akilala kimya, ufanye jambo: pima, geuza, nywesha. Ni vigumu kukubali kwamba kuna kulala ambako tiba yake ni kuacha. Hata hivyo tunajua wodini kwamba mama aliyejifungua salama na kupitiwa na usingizi haamshwi kila dakika aulizwe kama amelala. Unaweka jicho kwake, mkono unautuliza.

Tukaamua kuanza upya na matano yaliyobaki, safari hii kwa kuuliza. Tulimpigia Bibi simu kupitia kwa mwanawe, tukauliza na watu wanaotunza bustani. Haya ndiyo tuliyojifunza, tukayafuata yakafaa.

Namna ya kutunza matunguu wakati wa ukame

Kwanza, ngoja majani yenyewe. Mvua zikiisha punguza maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usikate jani lililo kijani, kwa kuwa bado linapeleka chakula katika tunguu. Likikauka kabisa ndipo uliondoe, na maji uyaache.

Pili, chagua njia moja kati ya mbili. Iliyo rahisi ni ya Bibi: acha tunguu chunguni, laza chungu ubavu chini ya upenu mahali pasipofikiwa na mvua wala jua kali. Ya pili ni kulitoa. Kung’uta udongo taratibu, ondoa mizizi iliyooza, na iliyo mizima iache. Ukilazimika kukata, tumia kisu kilichopitishwa motoni kikapoa, usibebe ugonjwa kutoka tunguu hili kwenda lile. Kidonda kipake unga wa mkaa au wa mdalasini, palepale penye kidonda tu, kwa sababu mdalasini hukausha mizizi.

Tatu, usiyatenganishe matunguu yaliyoshikana. Okidi hii huota tunguu jipya ubavuni mwa la zamani, hata yakawa mnyororo. Yale ya nyuma hayana jani tena, yamekunjamana, na mtu huona ni takataka. Kumbe bado yana akiba, nayo ndiyo inayolishwa lile changa linapoamka. Ukitaka kugawa, kila fungu libaki na matunguu matatu au zaidi. Tulipomsomea Bibi habari hii kwenye simu alicheka sana: “Nanyi msiwatupe mabibi!”

Nne, anika kivulini siku chache hadi vidonda vikauke. Kisha panga katika kikapu au chungu, ukiyazungushia mchanga mkavu au makumbi makavu ya nazi. Chombo kiwe kinachopitisha hewa. Usitumie plastiki, usiweke kwenye friji, wala karibu na jiko la mkaa. Tahadhari na panya.

Tano, kagua kila baada ya wiki mbili kwa kidole, siyo kwa maji. Gumu ni zima. Lililokunjamana kidogo ni zima pia. Likisinyaa sana, nyunyizia mchanga ulio pembeni matone machache, mara moja, kisha liache. Laini lenye harufu limeoza. Litoe haraka lisiambukize mengine.

Sita, usiliamshe, lisubiri liamke lenyewe. Utaona jicho la kijani au jeupe ubavuni mwa tunguu. Hapo lipande katika mchanganyiko usiotuamisha maji: mchanga mnene, majani yaliyooza na vipande vidogo vya mkaa. Maji mwanzoni yawe kidogo sana mpaka mizizi mipya iwe na urefu wa kidole, ndipo uongeze.

Angalizo: si kila okidi hulala hivi. Ile ya dukani yenye majani mapana na maua kama vipepeo, ambayo wauzaji huiita Phalaenopsis, haina tunguu la akiba. Ukiikausha miezi mitatu umeiua. Nayo okidi yetu ya madoadoa ya chui, Ansellia africana, huishi juu ya miti na mizizi yake hutazama juu kudaka majani yanayoanguka. Hiyo isitolewe na kuwekwa kikapuni; ipunguzie maji tu.

Tahadhari kutoka kwa wauguzi

Mwezi wa Agosti, binti anayemsaidia mama wa genge alikiona kikapu kimoja jikoni. Alidhani ni tangawizi ya aina fulani, akamenya kipande akitaka kukitia kwenye chai. Bahati mama mwenye nyumba aliingia. Tangu siku ile vikapu vilitoka jikoni, na kila kimoja kikaandikwa kwa herufi kubwa: SI CHAKULA.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kuna mmea mwingine wa kwetu unaolala hivyohivyo kiangazi, Gloriosa superba, wenye maua mekundu na manjano yaliyopinduka kama ndimi za moto. Watu huupenda bustanini. Tunguu lake mtu anaweza kulidhania kiazi, nalo lina sumu kali iitwayo kolchisini, ambayo huua. Mtoto akitafuna tunguu lolote usilolijua, usimtapishe wala usimpe dawa za kubahatisha. Mwahishe hospitali pamoja na kipande cha tunguu lenyewe.

Kwa nini tusichimbe porini

Huenda msomaji ameshatamani kwenda porini na jembe. Tunaomba asiende. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Ili ziote zinahitaji msaada wa kuvu fulani wa udongoni. Jambo hilo lilifahamika tangu mwaka 1899 kwa kazi ya Mfaransa Noël Bernard. Hivyo huwezi kutawanya mbegu nyuma ya nyumba kama mchicha. Tunguu likitoka porini, mara nyingi nafasi yake hubaki tupu.

Kusini mwa nchi yetu tumeona inavyokuwa. Katika nyanda za juu za kusini, viazi vya okidi za pori vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Ni riziki ya watu, hatuwalaumu kwa kejeli, lakini okidi zilipungua vibaya. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulindwe, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Mmoja wetu ana binti Uingereza, naye alitamani ampelekee tunguu moja katika sanduku, alilaze chumbani wakati wa baridi na kukumbuka nyumbani. Tulimzuia. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Binti akanunua yake huko huko kwa mkulima halali. Sasa mama na mwana huulizana kwa simu, “Lako limeamka?”

Vuli ilipofika

Vuli ya mwaka 2019 wana Tanga hatutaisahau. Mvua za Oktoba zilizidi kiasi, zikabeba madaraja na kukata barabara za Korogwe na Handeni. Tulikuwa tumepanga kurudisha vyungu mwezi huo, tukakwama. Lakini ndani ya vikapu, katika mchanga mkavu ambao haukuguswa na tone, macho yalianza kutokeza. Moja, kisha mawili. Tunguu la tano lilichelewa hata tukakata tamaa, na mwalimu alitaka kulitupa. Muuguzi wetu aliyewahi kuua kwa maji ndiye aliyelishika akasema, “Bado gumu. Tulisubiri.” Lilitoa jicho mwishoni mwa Novemba.

Januari 2020 barabara ilipopitika tulikwenda. Tulikuwa na hofu ya kusema habari za yale mawili. Bibi Mkunga alikuwa ameketi uani, amesharudi kutoka Dar es Salaam. Tulipokaribia, kabla hatujafungua mdomo, alisema, “Wanne. Na wewe umenenepa.” Alikuwa anatuona.

Tulipanga vyungu mbele yake. Alivihesabu kwa macho, kisha kwa kidole. “Vitano.”

“Ndiyo, Bibi. Viwili vimekufa mikononi mwetu. Kimoja tulikifunga, kingine tulikinywesha. Tusamehe.”

Alinyamaza kwa muda. Akauliza ni vipi. Tulimweleza: kile cha mteremkoni na kile cha kisimani. Akatazama upande wa kisima cha zamani, ambako sasa ni shamba la mahindi. “Cha kisimani nilikiokota siku aliyozaliwa mjukuu wangu wa kwanza,” alisema. Hakusema haidhuru, wala hakutukemea. Akaomba maji, akamwagilia vile vitano, kidogo kidogo, akionyesha wajukuu kipimo.

Mwezi wa Machi mwanawe alitupigia simu, akampa Bibi. Moja lilikuwa limetoa shina refu lenye maua, lile lile lililochelewa. Tukamwuliza yakoje.

“Manjano, kama nilivyokuwa nikiyajua,” alisema. “Lakini humu ndani, kwenye ulimi wake, kumbe kuna michirizi mwekundu, myembamba kama uzi. Nimekaa nayo miaka yote hii, sikujua kama ipo.”

Akina mama wenzetu, kipupwe kikija angalieni vyungu mlivyovipa kisogo nyuma ya nyumba. Kabla ya kutupa, ingizeni kidole mbonyeze.